Chembe Nyekundu ya Damu na Alama Zake: Kutoka Kundi la Damu hadi Vipokezi vya Kinga

Katika kadi ya kliniki ya mjamzito, katika kadi ya mchangiaji damu na katika jalada la mgonjwa aliyelazwa, kundi la damu huandikwa kwa herufi moja au mbili na neno moja: O chanya, A hasi, AB chanya. Maandishi hayo mafupi yameokoa maisha ya watu wengi. Hata hivyo, yanaeleza sehemu ndogo tu ya yale yaliyomo juu ya utando wa chembe nyekundu ya damu. Wataalamu wamekwisha kutambua zaidi ya mifumo 40 ya makundi ya damu, yenye antijeni zaidi ya 350. Antijeni hizo hazikuwekwa pale kwa ajili ya benki ya damu. Ni protini na sukari, nyingi zikiwa na kazi zinazojulikana: baadhi ni milango ya kupitishia maji na chumvi, baadhi ni nguzo zinazoshikilia umbo la chembe, na baadhi ni vipokezi vinavyoshiriki katika kinga ya mwili.

Somo hili linaeleza mambo matatu. La kwanza ni namna antijeni za makundi ya damu zinavyokutana na kingamwili. La pili ni vipokezi vya kinga vilivyomo juu ya chembe nyekundu, hasa vile vya mifumo ya Duffy na Knops. La tatu ni yale ambayo mhudumu wa afya na mgonjwa wanapaswa kuyafanya kutokana na maarifa hayo, kwa kuwa kutoyajua kunaweza kumfanya mgonjwa akose dawa anayostahili, au akaongezewa damu isiyomfaa.

Antijeni na kingamwili

Antijeni ni alama yoyote ambayo mfumo wa kinga unaweza kuitambua. Kingamwili ni protini inayotengenezwa na mwili ili kushikamana na alama ambayo mwili huo hauimiliki. Mwaka 1901, akiwa Vienna, Karl Landsteiner alionyesha kwamba maji ya damu ya baadhi ya watu yaligandanisha chembe nyekundu za wengine, na kwamba mgandano huo ulifuata kanuni. Kutokana na kazi hiyo yakajulikana makundi A, B na O. Kundi AB likatambuliwa mwaka 1902. Landsteiner alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1930.

Tofauti kati ya makundi hayo ni ndogo ajabu. Watu karibu wote wana mnyororo wa sukari uitwao H juu ya chembe zao nyekundu. Mwenye kundi A huongeza sukari moja mwishoni mwa mnyororo huo. Mwenye kundi B huongeza sukari nyingine. Mwenye AB huongeza zote mbili. Mwenye O haongezi kitu. Sukari za namna hiyo zipo pia juu ya bakteria wanaoishi tumboni. Kwa sababu hiyo, mtoto mchanga huanza kutengeneza kingamwili dhidi ya sukari asizokuwa nazo akiwa na umri wa miezi michache tu, hata kama hajawahi kuongezewa damu. Hapo ndipo hatari ya mfumo wa ABO ilipo: kingamwili huwa ziko tayari kabla ya kosa kutendeka. Mtu wa kundi O akipewa damu ya kundi A kwa bahati mbaya, chembe alizopewa zinaweza kupasuka ndani ya dakika chache.

Antijeni nyingine, kama vile za Rh, Kell, Kidd na Duffy, hufuata njia tofauti. Kwa kawaida mtu asiye nazo huwa hana kingamwili dhidi yake mpaka akutane nazo kwa kuongezewa damu au kwa ujauzito. Mara ya kwanza mwili hujifunza. Mara ya pili hushambulia.

Duffy: kundi la damu ambalo ni kipokezi

Mwaka 1950 wataalamu nchini Uingereza walieleza kingamwili mpya waliyoikuta kwa mgonjwa wa hemofilia aliyekuwa ameongezewa damu mara nyingi. Mfumo huo uliitwa Duffy, kwa jina la mgonjwa huyo. Antijeni zake kuu ni mbili, Fya na Fyb. Miaka mitano baadaye ilibainika kwamba Wamarekani wengi wenye asili ya Afrika hawakuwa na antijeni yoyote kati ya hizo mbili juu ya chembe zao nyekundu. Katika Afrika kusini mwa Sahara, hali hiyo ya Duffy hasi ndiyo ya kawaida kwa watu wengi.

Kwa nini watu wengi kiasi hicho wakose alama moja? Jibu lilianza kupatikana katikati ya miaka ya 1970. Louis Miller na wenzake walionyesha mwaka 1975 kwamba kimelea cha malaria kiitwacho Plasmodium knowlesi kilishindwa kuingia katika chembe nyekundu zisizo na Duffy. Mwaka 1976 wakaonyesha kwamba watu wa Duffy hasi waliojitolea kuumwa na mbu wenye Plasmodium vivax hawakupata ugonjwa. Kimelea kilikuwa kinatumia alama hiyo kama kitasa cha mlango. Pasipo kitasa, mlango haukufunguka.

Mwaka 1993 ikajulikana kazi halisi ya alama hiyo. Duffy ni kipokezi cha kemokini, yaani protini ndogo ambazo mwili huzitoa mahali palipojeruhiwa au kuambukizwa ili kuziita chembe nyeupe. Vipokezi vya kawaida vya kemokini hupeleka ujumbe ndani ya seli. Kipokezi cha Duffy hakipeleki ujumbe wa namna hiyo. Hunasa kemokini na kuzishikilia. Hivyo chembe nyekundu zenye Duffy hufanya kazi kama ghala lisafirilo: kemokini zikizidi katika damu huzipokea, zikipungua huziachia.

Mwaka 1995 kukapatikana maelezo ya kijeni. Kwa watu wengi wa Duffy hasi wenye asili ya Afrika, jeni yenyewe ni nzima. Kilichobadilika ni herufi moja tu katika sehemu ya jeni inayoiwasha ndani ya seli zinazozaa chembe nyekundu. Kwa hiyo chembe nyekundu hukosa kipokezi, lakini kuta za mishipa midogo ya damu huendelea kuwa nacho. Jambo hili lina maana katika benki ya damu: mtu wa namna hiyo anayo Fyb katika viungo vyake vingine, na kwa hiyo mwili wake hauioni kuwa ngeni. Akipewa damu yenye Fyb, kwa kawaida hatengenezi kingamwili dhidi yake. Fya, kwa upande mwingine, ni ngeni kwake, na anaweza kuitengenezea kingamwili.

Tahadhari mbili zinafaa hapa. Kwanza, kuwa Duffy hasi si kinga dhidi ya malaria kwa ujumla. Plasmodium falciparum, kimelea kinachosababisha sehemu kubwa ya malaria Afrika Mashariki na vifo vyake vingi, hakihitaji mlango wa Duffy. Pili, hata kwa P. vivax kinga hiyo si kamili. Utafiti uliofanywa Madagascar na kuchapishwa mwaka 2010 ulithibitisha kwamba wapo watu wa Duffy hasi walioambukizwa na kuugua.

Neutrofili chache zisizo ugonjwa

Kukosekana kwa Duffy katika chembe nyekundu kuna athari nyingine, ambayo humfikia mgonjwa kupitia karatasi ya majibu ya maabara. Watu wengi wa Duffy hasi wana idadi ndogo ya neutrofili katika damu inayozunguka. Neutrofili ni zile chembe nyeupe zinazotangulia kupambana na bakteria. Uhusiano huo ulithibitishwa kijeni mwaka 2008. Watu hao hawapati maambukizi zaidi ya wengine, na uboho wao ni mzima. Tafiti zinaashiria kwamba neutrofili zao hutoka kwa wepesi zaidi katika damu na kukaa katika viungo, mahali ambapo sindano ya kupimia damu haifiki.

Tatizo hutokea pale kipimo cha watu wa kwingine kinapotumiwa kuwapima. Vitabu vingi huhesabu neutrofili chini ya 1,500 kwa kila mikrolita kuwa upungufu. Mtu mwenye afya njema wa Duffy hasi anaweza kuishi maisha yake yote akiwa na 1,200. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliowahusisha watu wazima wenye afya kutoka Rwanda, Uganda, Kenya na Zambia, uliweka viwango vya damu vya eneo hili na kuonyesha kuwa vinatofautiana na vile vya Marekani, neutrofili zikiwa miongoni mwake.

Madhara ya kutolijua jambo hili si madogo. Mama mwenye saratani ya titi anaweza kuahirishiwa dawa kila mara anaporudi hospitalini, au kupunguziwa kipimo, kwa sababu tu hesabu yake haijafika kiwango kilichoandikwa mahali pengine. Mgonjwa wa akili ambaye dawa nyingine hazikumsaidia anaweza kunyimwa klozapini, au kuachishwa ilhali inamfaa. Kijana mzima anaweza kukataliwa katika utafiti wa chanjo, au kuchomwa sindano ya uboho bila sababu.

Hata hivyo, haifai kila upungufu uitwe wa kawaida. Mhudumu anapaswa kuuliza maswali kadhaa kabla ya kufikia uamuzi. Je, majibu ya miaka iliyopita yalikuwa hivyohivyo? Je, mgonjwa ana homa, vidonda vya kinywani vinavyojirudia au maambukizi ya mara kwa mara? Je, hemoglobini na chembe sahani ziko sawa? Je, kuna dawa mpya, virusi vya UKIMWI, au upungufu wa vitamini B12? Hesabu iliyo chini kidogo, isiyobadilika kwa miaka, kwa mtu asiyeugua, ni jambo tofauti na hesabu iliyoporomoka ndani ya wiki mbili. Pale inapowezekana, kipimo cha Duffy katika benki ya damu kinaweza kumaliza shaka.

Knops na kazi ya uchukuzi

Mfumo wa Knops hausikiki sana katika wodi, lakini antijeni zake zimo juu ya kipokezi muhimu kiitwacho kipokezi cha kwanza cha komplimenti. Komplimenti ni kundi la protini za damu zinazosaidiana na kingamwili. Kingamwili zinaposhika vipande vya bakteria au virusi, hutokea vishada vya antijeni na kingamwili, na komplimenti huvipaka vishada hivyo alama. Vishada vikiachwa bila kuondolewa vinaweza kutuama katika figo, viungo na ngozi, na kuleta uvimbe.

Hapo ndipo chembe nyekundu huingia kazini. Mwaka 1953 Robert Nelson alionyesha kwamba vijidudu vilivyopakwa alama za kinga hung'ang'ania juu ya chembe nyekundu. Kipokezi cha komplimenti ndicho kinachovishika. Kila chembe nyekundu ina vipokezi hivyo mamia machache tu, idadi ndogo ikilinganishwa na chembe nyeupe; lakini kwa kuwa chembe nyekundu zinazipita chembe nyeupe kwa mamia ya mara, nguvu yao ya pamoja ni kubwa. Hubeba mzigo hadi kwenye ini na wengu, ambako seli walaji, yaani makrofaji, huuchukua mzigo na kuuharibu. Chembe nyekundu hurudi katika mzunguko na kuendelea na safari yake ya siku 120 hivi. Kwa wagonjwa wa lupasi, vipokezi hivyo huonekana kupungua juu ya chembe nyekundu, nao vishada hutuama zaidi katika viungo.

Alama za kujilinda

Chembe nyekundu huishi katikati ya askari. Komplimenti inaweza kuitoboa, na makrofaji wa wengu wanaweza kuimeza. Inasalimika kwa sababu hubeba vibali vyake. Protini iitwayo CD47 huwaambia makrofaji kwamba chembe hii ni ya nyumbani. Protini za CD55, inayobeba antijeni za mfumo wa Cromer, na CD59 huizuia komplimenti isikamilishe kazi ya kutoboa utando. Umuhimu wa vibali hivyo huonekana kwa mgonjwa ambaye baadhi ya seli za uboho wake zimepata hitilafu ya kijeni na kushindwa kuzishikiza CD55 na CD59 juu ya utando. Chembe zake nyekundu hupasuka mwilini, mkojo wa asubuhi huweza kuwa mweusi, na damu huelekea kuganda ovyo ndani ya mishipa.

Mwaka 2021 watafiti wa Marekani walieleza kipokezi kingine juu ya chembe nyekundu, kiitwacho TLR9, ambacho hunasa vipande vya DNA vinavyoelea katika damu wakati wa maambukizi makali. Chembe iliyonasa DNA nyingi hubadilika umbo, kibali chake cha CD47 hufichika, na makrofaji huimeza. Utafiti huo unatoa sababu moja ya upungufu wa damu unaoandamana na maambukizi makali.

Malaria na milango ya chembe

Kwa kuwa vimelea vya malaria huishi ndani ya chembe nyekundu, antijeni za makundi ya damu zimekuwa uwanja wa mapambano ya maelfu ya miaka. Mifano mitatu inatosha.

Mfano wa kwanza ni kundi O. Chembe zilizoambukizwa P. falciparum zinaweza kujizungushia chembe nzima na kufanya mashada yanayoziba mishipa midogo. Antijeni A na B huyaimarisha mashada hayo. Kipokezi cha komplimenti nacho hushiriki. Utafiti uliofanywa nchini Mali na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba watoto wa kundi O walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kupata malaria kali. Lakini kundi O halimzuii mtu kuambukizwa. Mtoto wa kundi O mwenye homa anapaswa kupimwa na kutibiwa kama mtoto mwingine yeyote, na chandarua ni chake pia.

Mfano wa pili ni Dantu, antijeni ya mfumo wa MNS inayotokana na jeni mbili za protini za utando zilizoungana. Katika utafiti wa watoto wa Kilifi, pwani ya Kenya, uliochapishwa mwaka 2020, ilionekana kwamba waliorithi Dantu kutoka kwa baba na mama walikuwa na kinga ya takriban asilimia 74 dhidi ya malaria kali. Sababu yake ni ya kimaumbile: utando wa chembe zao umekazwa zaidi, mithili ya ngozi ya ngoma iliyowambwa, na kimelea hushindwa kupenya.

Mfano wa tatu ni basijini, protini inayobeba antijeni za mfumo wa Ok. Mwaka 2011 iligunduliwa kwamba P. falciparum huihitaji ili aingie, na kwamba huishika kwa protini yake iitwayo RH5. Kutokana na ugunduzi huo, chanjo inayoilenga RH5 imetengenezwa na kujaribiwa kwa binadamu, Bagamoyo nchini Tanzania ikiwa miongoni mwa sehemu za majaribio. Hivyo elimu ya makundi ya damu imefika hadi kwenye utafiti wa chanjo.

Hatari ya kingamwili zilizofichika

Tuseme kijana wa miaka 19 mwenye selimundu ameongezewa damu mara tano tangu utotoni, katika hospitali tatu tofauti. Kila mara alipimwa ABO na RhD, na kila mara damu ililingana. Safari hii anaongezewa tena, anapata nafuu na kuruhusiwa. Siku ya nane anarudi akiwa na maumivu ya mgongo, macho ya manjano na mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Hemoglobini yake iko chini kuliko kabla ya kuongezewa. Ni rahisi kuandika kwamba ni maumivu ya selimundu, na rahisi zaidi kuagiza chupa nyingine ya damu.

Yaelekea kilichompata ni kuharibika kwa damu aliyopewa, tukio linalochelewa na ambalo kwa kawaida huonekana kati ya siku ya 3 na ya 14. Miaka iliyopita mwili wake ulijifunza antijeni fulani, labda ya Kidd, ya Kell au ya Rh isiyo D. Kingamwili zikapungua kiasi cha kutoonekana katika kipimo, lakini kumbukumbu ikabaki. Damu mpya yenye antijeni ileile iliiamsha. Kwa baadhi ya wagonjwa, mwili huharibu hata chembe zao wenyewe, na kuongezewa damu nyingine kunaweza kuongeza moto badala ya kuuzima.

Kipimo kinachosaidia kugundua hali hiyo ni kile cha Coombs, kilichoelezwa mwaka 1945, ambacho huonyesha kingamwili zilizoganda juu ya chembe nyekundu. Kinga iliyo bora ni kumpa mgonjwa wa selimundu damu inayolingana pia katika antijeni nyingine za Rh, yaani C, c, E na e, pamoja na K ya Kell. Pale ambapo maabara haijaweza kufanya hivyo, bado kuna jambo moja lisilohitaji mashine: kumbukumbu. Kingamwili iliyogunduliwa leo inaweza kutoonekana baada ya mwaka mmoja. Ikiwa haikuandikwa na mgonjwa hakukabidhiwa maandishi hayo, hospitali inayofuata haitakuwa na njia ya kuijua.

Mama mwenye Rh hasi

Katika Afrika Mashariki watu wasio na antijeni ya D ni wachache kuliko Ulaya, chini ya 10 katika kila 100. Uchache wao huwafanya wasahaulike. Mama wa Rh hasi akibeba mtoto wa Rh chanya, damu ya mtoto inaweza kuingia kwake, hasa wakati wa kujifungua. Kwa kawaida mtoto wa kwanza husalimika. Lakini mama akishatengeneza kingamwili dhidi ya D, kingamwili hizo hupita kondo la nyuma katika ujauzito unaofuata na kuziharibu chembe nyekundu za mtoto. Mtoto anaweza kuzaliwa na upungufu mkubwa wa damu na umanjano unaotishia ubongo, au akafia tumboni.

Tangu mwaka 1968 kinga ipo: sindano ya anti-D, ambayo huziondoa chembe za mtoto kabla mwili wa mama haujazijifunza. Hutolewa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto wa Rh chanya, na inapowezekana pia katika wiki ya 28 ya ujauzito. Inahitajika vilevile baada ya mimba kuharibika, mimba kutunga nje ya mji wa uzazi, au kuumia tumboni. Sindano hii huzuia tu. Haiondoi kingamwili ambazo mama amekwisha kuzitengeneza. Ndiyo maana kundi la damu linapaswa kujulikana katika hudhurio la kwanza la kliniki, na si siku ya uchungu.

Wajibu wa mhudumu na wa mgonjwa

Mhudumu anayeongeza damu athibitishe jina la mgonjwa, namba yake na lebo ya chupa kando ya kitanda, akimwuliza mgonjwa ajitaje mwenyewe kama anaweza. Makosa mengi ya kuua hutokea katika utambulisho, si katika kipimo chenyewe. Akae karibu na mgonjwa kwa dakika 15 za mwanzo. Zikitokea homa, baridi, maumivu ya mgongo, kubanwa kifua au mkojo mwekundu, asimamishe damu mara moja, aache mshipa wazi kwa maji ya chumvi, amwite daktari, na chupa irudishwe maabara. Mgonjwa anaporuhusiwa, aelezwe dalili za kurudi nazo katika wiki mbili zinazofuata.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Atunze maandishi ya kundi lake la damu, tarehe alizoongezewa damu, na kingamwili yoyote aliyoambiwa kuwa nayo. Aliyewahi kuambiwa kwamba damu yake ni ngumu kupatikana aulize ni kwa sababu gani, na aombe jibu kwa maandishi. Mwenye historia ya neutrofili chache atunze majibu ya zamani, kwa kuwa majibu hayo ndiyo yatakayomwonyesha daktari kwamba hali hiyo ni yake ya siku zote. Mama wa Rh hasi aulize kuhusu anti-D kabla ya kujifungua na baada ya kila mimba iliyoharibika.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mtu ambaye hajawahi kuongezewa damu anaweza kudhurika kwa damu ya ABO isiyolingana mara ya kwanza tu? Kwa sababu kingamwili za ABO hutengenezwa tangu uchanga kutokana na sukari za bakteria wa tumboni.

2. Mtu wa Duffy hasi ana neutrofili 1,200 kwa miaka mingi na haugui. Je, ni lazima aachishwe dawa? Hapana, visababishi vingine vikishachunguzwa na kuondolewa, hesabu hiyo inaweza kuwa kiwango chake cha kawaida, na uamuzi wa dawa uzingatie hilo.

3. Chembe nyekundu huvibebaje vishada vya kinga, na huvifikisha wapi? Huvibeba kwa kipokezi cha kwanza cha komplimenti, na kuvifikisha kwenye ini na wengu.

4. Mgonjwa wa selimundu amerudi na umanjano na hemoglobini iliyoshuka siku ya nane baada ya kuongezewa damu. Nini kifanyike kabla ya kuagiza damu nyingine? Benki ya damu ijulishwe, kipimo cha Coombs na uchunguzi wa kingamwili vifanyike, na daktari apime faida na hatari ya kuongeza damu tena.